Gundi ya wanga wa muhogo kwa lebo za chupa

Nafungasha asali ya Tabora kwenye chupa za plastiki za nusu lita. Zamani nilibandika stika za dukani, hadi nilipopeleka gunia la chupa tupu kwa jirani anayesaga plastiki. Alichota konzi ya vipande vilivyokwisha kuoshwa, akanitia kiganjani na kuniambia nifumbe. Nilipofumbua, vilikuwa vimegandana kama kashata. Ile gundi ya stika ilinishika vidole hadi jioni.

Plastiki ya PET, yaani ile ya chupa hizi, huzama majini, vifuniko huelea, na hivyo ndivyo anavyovitenganisha kwenye pipa. Gundi isiyoachia huzamisha stika pamoja na chupa. Vipande vya chupa vikiyeyushwa, kwenye nyuzi joto 250 na zaidi, gundi huungua na plastiki hutoka ya njano. Nani atainunua kwa bei nzuri? Tangu siku hiyo napika gundi mwenyewe.

Usitumie unga wa ugali, una nyuzinyuzi. Chukua muhogo mtamu mbichi, ukune, kamua kwa maji, chuja kwa kitambaa, acha maji yatulie kwa muda wa saa 3 hivi, kisha mwaga ya juu. Ule weupe uliobaki chini ndio wanga; uanike ukauke.

Chukua gramu 50 za wanga, uvuruge kwa maji baridi kidogo usifanye madonge. Chemsha maji mengine, yakijumlishwa na yale ya baridi yawe mililita 400, teremsha moto, mimina wanga huku ukikoroga bila kuacha. Utaona maji meupe kama maziwa yakigeuka uji mzito unaong'aa, mwiko ukiinuliwa unavuta uzi. Hapo umeiva. Ukipoa, tia kijiko cha siki ili usiote ukungu upesi. Mimi napika wa siku tatu tu.

Sasa kubandika, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanga haushiki vizuri plastiki laini, kwa hiyo usipake chupa. Kata karatasi ndefu izunguke chupa nzima na ncha zipandiane sentimita 1. Paka gundi kwenye mpandiano huo peke yake, karatasi kwa karatasi, kisha kaza kwa kidole mpaka ishike. Chagua karatasi nene kidogo isiyopakwa nailoni, maana nyembamba hugeuka rojo kwenye pipa la kuoshea. Chapa kwa mashine ya leza; wino wa maji huchuja na kutia rangi maji ya kuoshea.

Kwa juisi ya friji gundi hii haifai, jasho la chupa huilegeza. Viwanda vya bia hutumia gundi ya kazeini, protini ya maziwa, inayovumilia maji ya barafu lakini huachia kwenye maji ya moto yenye kostiki, ile soda kali ya kuoshea chupa.

Kabla ya kubandika mzigo wote, tumbukiza chupa moja kwenye maji ya moto kwa dakika 5. Lebo itoke nzima. Kisha pitisha kidole gumba pale ilipokuwa: kikinata hata kidogo, kuna gundi iliyogusa chupa.