Jinsi ya kuwashirikisha watu kuufikiria upya mtaa wa maduka

Ukiita mkutano ukumbini jioni na kuuliza "mnataka mtaa wenu uweje?", utaambulia yale yale: maegesho, taa, takataka. Swali limekaa hewani mno, na waliofika ni wenye nafasi jioni. Muuzaji bado hajafunga duka, mwenye mtoto mchanga yuko nyumbani, na mchuuzi wa kando ya barabara hata hakualikwa.

Anzeni kwa kuhesabu. Simameni wawili wawili sehemu tatu: ncha zote mbili za mtaa na katikati. Kila saa hesabuni wapita njia kwa dakika 10, kisha zidisheni kwa 6. Fanyeni hivyo siku moja ya kazi na Jumamosi moja, tangu maduka yanapofunguliwa hadi yafungwe. Mmoja anahesabu wanaopita. Mwenzake anaandika waliosimama au kuketi, na wameketi juu ya nini. Ngazi ya duka, ukingo wa mfereji, kreti lililopinduliwa: hapo ndipo benchi linapohitajika, na hamkumlipa mshauri kuwaambia.

Waulizeni pia wanunuzi 100 wamefika kwa njia gani, halafu waulizeni wenye maduka wanadhani wateja wao hufikaje. Majibu hupishana mara nyingi, maana mwenye duka hulikumbuka gari lililoegeshwa mlangoni na kumsahau aliyekuja kwa miguu. Bila takwimu hizo, ubishi wa maegesho utameza vikao vyote.

Bandikeni ukurasa mmoja unaoeleza kilichokwisha kuamuliwa, kilicho wazi, na nani ataamua lini. Kama bomba la majitaka litachimbwa hata watu wakikataa, semeni. Wakija kugundua wenyewe kwamba mchoro ulishapitishwa, mara ya pili hawaji.

Sasa kielelezo, yaani mtaa wenu uliotengenezwa kwa umbo dogo. Kwa skeli ya 1:100, mtaa wa mita 200 unakuwa na urefu wa mita 2. Ukateni vipande vinne vya sentimita 50 ili ubebeke. Majengo yatoke kwenye katoni, na mbele ya kila moja gundisheni picha halisi ya duka lililopo. Mtu akiuona mlango anaoujua, kidole chake huenda hapo chenyewe. Andaeni kadi kama 200 ambazo watu wataziweka juu ya kielelezo, pale wanapotaka kitu kiwepo: kivuli, choo, maji ya kunywa, meza ya mchuuzi, baiskeli, makazi juu ya duka. Robo yake ziwe tupu, kwa sababu mawazo ambayo hamkuyatarajia hutoka humo. Nyuma ya kila kadi andikeni "sikubaliani", ili asiyependa aigeuze bila kugombana na mtu. Njia ya namna hii ilienezwa na Tony Gibson, mtaalamu wa kuwashirikisha wakazi katika mipango, nchini Uingereza tangu miaka ya 1970, na ubora wake ni kwamba mwenye sauti kubwa hapati nafasi kubwa kuliko mwingine.

Kiwekeni kielelezo mtaani penyewe, kwenye duka lililo wazi au chini ya turubai, kwa nyakati tatu tofauti. Msimamizi akae kimya. Akianza kufafanua, watu huweka kadi za kumfurahisha. Pigeni picha kutoka juu kila baada ya saa moja, kwani kadi huhamishwa.

Yaliyopendwa sana yajaribiwe kwa vitu vya kuondoleka. New York ilipofunga kwa magari sehemu ya barabara ya Broadway pale Times Square mwaka 2009, ilianza na mapipa ya plastiki na viti vyepesi. Ujenzi wa kudumu ulifuata miaka kadhaa baadaye. Jaribio lisipungue wiki mbili, maana siku za kwanza watu huja kushangaa tu. Acheni njia ya miguu ya mita 2 isiyo na kizuizi, waulizeni zimamoto upana wanaouhitaji, na pangeni saa za kushusha mizigo. Mwenye duka akipinga mti, ulizeni kwanza kama unaficha kibao chake. Kuusogeza hatua mbili huenda kukamaliza ugomvi.

Wamiliki wa majengo waiteni tangu siku ya kwanza. Mtaa ukipendeza, kodi hupanda, na wapangaji mliowashirikisha ndio wa kwanza kuhama.

Jaribio likiisha, hesabuni tena, sehemu zile zile, siku zile zile. Kisha bandikeni ukutani orodha ya mawazo yote, uamuzi na sababu yake, pamoja na yaliyokataliwa na ofisi iliyoyakataa.