Jinsi ya kuingiza shida ya mvua ya kijiji chenu kwenye bajeti ya halmashauri

Mipango ya taifa ya mabadiliko ya tabianchi Tanzania hatujaikosa, kulikuwa na NAPA (mpango wa taifa wa hatua za kukabiliana na mabadiliko hayo) ya 2007, ukaja mkakati wa 2012, halafu ule wa 2021 mpaka 2026 wa Ofisi ya Makamu wa Rais, na kote kilimo kimetajwa. Sasa ili iwafikie huko Bahi au Kongwa, wilaya za Dodoma, lazima kijiji kiseme kinataka nini, na kiseme mapema.

Anzeni na kumbukumbu zenu. Chukueni karatasi ya manila, kaeni na wazee, kina mama wanaochota maji na wafugaji pia (msiwaache, lambo mkilipanga bila wao mtagombana tu), muandike kila msimu mnaoukumbuka mvua ilianza lini, ilikata lini, na kile kiangazi cha katikati, Januari au Februari, kilikaa muda gani. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, kwa hiyo ikikata wakati mahindi yanatoa mbelewele ndo basi tena, mwaka umeisha. Halafu linganisheni na utabiri wa msimu wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), mwombeni afisa ugani awasomee.

Hapa kwenye kuandika ombi ndo wengi wanapotea. Ukiandika "tunaomba msaada wa mabadiliko ya tabianchi" hakuna mchumi wa halmashauri atajua aweke kifungu gani. Andika hivi: lambo la kitongoji fulani limejaa tope, zamani lilifika Oktoba siku hizi linakauka Agosti, linategemewa na kaya kadhaa na ng'ombe kadhaa (hesabuni kweli, msikadirie), tunaomba litolewe tope, nguvu kazi yetu ni hii. Mbegu nazo vivyo hivyo, taja mtama wa Macia unaowahi kukomaa, na kama kuna kikundi kiko tayari kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa (mbegu bora ambazo wakulima wenyewe wanazizalisha kwa kukaguliwa) muandike hapo hapo, maana mbegu ikizalishwa jirani inapatikana kabla mvua haijaanza.

Ombi lipite mkutano mkuu wa kijiji, unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, liingie kwenye muhtasari, mtendaji asaini, nyie mupige picha na simu mbaki nayo. Toka hapo linaenda kamati ya maendeleo ya kata, huko diwani ndo mwenyekiti, mbaneni mapema. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1 na Bunge la bajeti linaanza Aprili, kwa hiyo mkisubiri Machi mmechelewa kabisa, Oktoba au Novemba muwe mmeshamaliza vikao vya kijiji.

Bajeti ikipita, kila mkutano mkuu wakisoma mapato na matumizi ulizeni kwa jina, lile lambo limeingia? hela imetoka? Asipojibu mtendaji, swali liandikwe kwenye muhtasari, na diwani akalibebe baraza la madiwani.