Bima ya Gari kwa Dereva Kijana Uingereza: Kupunguza Gharama na Kujenga Punguzo la Kutodai

Kijana anayefaulu mtihani wa udereva Uingereza akiwa na miaka 17 au 18 hushtuka anapofungua tovuti za kulinganisha bei, kwani bima ya mwaka mmoja inaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Kampuni hutoza hivyo kwa sababu madereva wapya hupata ajali nyingi zaidi, na linaloziumiza zaidi si bati lililobonyea bali fidia ya watu walioumia, ambayo kwa sheria ya nchi hiyo haina ukomo. Kwa hiyo usitarajie gari la pauni 1,000 kupata bima ya bei ndogo. Usidhani pia kwamba bima ndogo, ile inayowafidia watu wengine tu, lazima iwe nafuu kuliko bima kubwa, ile inayolifidia na gari lako. Omba bei ya zote mbili, maana kwa vijana mara nyingi bima kubwa ndiyo inayotoka chini.

Kinachoshusha bei hizo mwaka hadi mwaka ni punguzo la kutodai. Kila miezi 12 inayopita bila kudai fidia huhesabiwa kuwa mwaka mmoja, na ingawa kila kampuni ina jedwali lake, kwa kawaida mwaka wa kwanza huleta punguzo la karibu asilimia 30, na miaka mitano au zaidi huweza kuvuka asilimia 60. Miaka hiyo humwendea mwenye mkataba. Aliyeandikwa dereva wa ziada kwa kawaida hapati kitu, isipokuwa katika kampuni chache zinazomhesabia pia.

Hapo ndipo familia nyingi zinapojikwaa. Baba anakata bima kwa jina lake, kijana anaandikwa dereva wa ziada, ilhali gari linalala nje ya hosteli ya chuo huko Leicester na baba yuko London. Bei hushuka kweli, lakini kumtaja dereva mkuu asiye wa kweli ni udanganyifu. Kampuni ikigundua, na mara nyingi hugundua siku ya ajali, inaweza kuubatilisha mkataba, ikakataa kulipia gari, kisha ikakudai fedha ilizowalipa watu wengine. Tangu hapo kila kampuni utakayoiendea itakuuliza kama umewahi kufutiwa bima, nawe utalazimika kujibu ndiyo. Hata usipogunduliwa, miaka mitatu ya kuendesha vizuri itakuwa ya baba. Geuza mpangilio huo: kijana awe mwenye mkataba na dereva mkuu, na mzazi mwenye rekodi safi awe dereva wa ziada, mradi kweli huliendesha gari hilo mara mojamoja. Hilo ni halali, na mara nyingi hupunguza bei.

Kabla ya kununua gari, angalia kundi lake la bima. Magari mengi yaliyoko barabarani yamepangwa kuanzia kundi la 1 hadi la 50, na yenye injini ndogo huwa katika makundi ya chini, ambayo bima yake ni nafuu. Fikiria pia bima ya kisanduku cheusi, ambacho hufungwa garini na kurekodi mwendo, breki na saa za kuendesha, ili anayeendesha vizuri atozwe kidogo. Wapo wasiopenda kufuatiliwa, lakini kwa mtu wa miaka 18 asiye na mwaka hata mmoja wa punguzo, kwa maoni yangu ni bei inayostahili kulipwa. Tafuta bima wiki tatu hivi kabla ya tarehe ya kuanza, kwa kuwa anayesubiri siku ya mwisho hutozwa zaidi, na ukiweza lipa kwa mkupuo, kwani malipo ya kila mwezi kwa kawaida ni mkopo wenye riba.

Kuwa mwangalifu na kiasi unachojilipia mwenyewe kabla ya kampuni kulipa. Tuseme kampuni imeweka pauni 300, ikaongeza 250 kwa sababu ya umri wako, nawe ukajitolea 250 ili bei ishuke. Mtu akikukwangulia mlango katika maegesho ya supamaketi, akaondoka bila kuacha jina, na fundi akataka pauni 600, kudai hakutakupa hata senti. Mikataba mingi hukutaka uitaarifu kampuni hata hivyo, lakini kutaarifu si kudai. Ukidai fidia kwa tukio la namna hiyo unaweza kupoteza miaka yako japo huna kosa, maana kampuni haina mtu wa kumrudia ili irudishiwe fedha zake.

Dai moja la ajali uliyoisababisha kwa kawaida hufuta miaka miwili au zaidi. Kulipia kinga ya punguzo hulinda miaka hiyo tu. Bei ya msingi inaweza kupanda vilevile. Ukivunja mkataba baada ya miezi 10 tu, mwaka huo kwa kawaida haukuhesabiwi, na ukikaa zaidi ya miaka miwili bila bima, kampuni nyingi hazitalitambua punguzo lako la zamani.

Usiendeshe bila bima hata siku moja ukisubiri bei nzuri. Adhabu ya kawaida ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, na dereva aliye ndani ya miaka miwili ya kwanza akifikisha pointi 6 hunyang'anywa leseni, akaanza upya na mitihani yote miwili, wa nadharia na wa vitendo.

Aliyehamia kutoka Kenya au Tanzania anaweza kutumia leseni ya nyumbani kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu awe mkazi. Baada ya hapo lazima awe amefaulu mtihani wa Uingereza. Kampuni nyingi hazitambui punguzo lililojengwa Afrika Mashariki, lakini zipo zinazolikubali, hasa kupitia madalali wa bima. Kabla ya kusafiri, iombe kampuni yako barua ya Kiingereza yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya mkataba, tarehe za bima na idadi ya miaka bila madai.