Namna ya Kuandaa Rangi ya Epoksi Yenye Chembe za Nano kwa Chuma cha Pwani

Chuma kilicho karibu na bahari huliwa na kutu hata kikiwa kimepakwa rangi, kwa sababu maji, oksijeni na chumvi hupenya polepole katika utando wa epoksi ambao, ingawa machoni unaonekana umeziba kabisa, una nafasi ndogo mno baina ya minyororo ya molekuli zake. Chembe za nano, yaani zile zenye angalau kipimo kimoja kisichozidi nanomita 100, huongezwa ili kuirefusha njia ya maji na chumvi kuelekea kwenye chuma na kuuimarisha utando wenyewe. Maelezo yafuatayo yanahusu kuandaa kiasi kidogo cha rangi hiyo katika maabara, na nitakaa zaidi kwenye kazi ya kuzisambaza chembe, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Anza kwa kuchagua chembe kulingana na tatizo ulilonalo. Udongo wa montmorilonaiti una vipande bapa vyenye unene wa nanomita moja hivi, lakini vyenye upana wa mara mia au zaidi ya unene huo. Vikitandazika vizuri, maji hulazimika kuvizunguka kimoja baada ya kingine kabla ya kukifikia chuma. Silika huongeza ugumu na kuzuia mikwaruzo. Oksidi ya zinki hufyonza miale ya urujuanimno. Titani dioksidi nayo huizuia miale hiyo, ila isipofunikwa juu ya uso wake huchochea kuvunjika kwa polima yenyewe (minyororo ile ya epoksi) inapopigwa na jua, kwa hiyo siipendekezi kwa anayeanza.

Tuchukue silika. Epoksi huja katika sehemu mbili, resini na kigumishi kinachoigandisha. Kwa gramu 100 za resini na gramu 50 za kigumishi (uwiano halisi uufuate kama ulivyoandikwa na mtengenezaji), pima gramu 3 za silika, yaani asilimia 2 ya uzito wa resini na kigumishi kwa pamoja. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini silika yenye mita za mraba 200 kwa kila gramu inabeba mita za mraba 600 za uso wa kugusana na polima, eneo linaloushinda uwanja wa mpira wa kikapu. Uso huo mkubwa ndio unaoleta faida, na ndio pia unaoleta matatizo, kwa maana chembe huvutana na kushikamana. Chagua silika iliyokwisha kutiwa silani, kemikali inayoufunika uso wa chembe ili zichanganyike na resini vizuri zaidi, na uikaushe katika oveni kwa nyuzi 110 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Unapoipima vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, miwani na glavu za nitrili, kwani unga huu ni mwepesi mno na hupeperuka kwa pumzi tu, na epoksi mbichi huweza kuleta mzio wa ngozi usioisha.

Tia unga ndani ya resini peke yake, kabla ya kigumishi, kidogo kidogo huku ukikoroga. Aliyewahi kusonga uji anajua kwamba unga ukimwagwa wote kwa mpigo hufanya madonge yaliyolowa nje na makavu ndani. Silika hufanya hivyo hivyo, na kila donge ni mahali ambapo utando utapasuka na maji yatapitia. Baada ya kukoroga kwa mashine ya kasi, tumia kifaa cha mawimbi ya ultrasoniki kwa vipindi vifupi, bika (chombo chenye resini) likiwa ndani ya maji ya barafu, kwa sababu nishati hiyo huipasha resini joto haraka. Kisha weka tone baina ya vioo viwili, ubane, uvielekeze kwenye mwanga. Ukiona punje kama mchanga mwembamba, endelea. Tone likiwa safi lenye ukungu hafifu tu, umefika mahali pazuri. Kuongeza unga zaidi hakufidii usambazaji mbaya, na ukizidisha, resini huwa nzito kiasi cha kutopakika.

Sasa ongeza kigumishi, koroga polepole, kisha toa mapovu kwa pampu ya utupu kwa dakika chache, ukikumbuka kwamba muda wa kupaka umeanza kuhesabika.

Bamba la chuma lipigwe mchanga hadi daraja la Sa 2½ (kipimo cha usafi ambapo karibu kutu yote imeondoka), lifutwe mafuta na vumbi, na lipakwe upesi kabla halijashika kutu upya. Usipake unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, wala joto la chuma lisipozidi kwa angalau nyuzi 3 kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutunga, jambo linalotokea sana asubuhi za pwani. Acha siku 7 ikomae. Kwa kuwa epoksi huchujuka juani, kazi ya nje ipakwe juu yake poliyurethani.

Andaa pia mabamba yaliyopakwa epoksi ile ile bila silika, la sivyo huna cha kulinganisha. Yakwaruze yote alama ya msalaba hadi kwenye chuma, yaweke katika chemba ya ukungu wa chumvi wa asilimia 5 kwa nyuzi 35, na kila baada ya siku chache pima kwa rula kutu imetambaa milimita ngapi kutoka kwenye mkwaruzo.