Kukadiria nakala rudufu zako zitachukua tepu ngapi

Kwenye boksi la tepu ya LTO-8, kaseti ya sumaku ya kuhifadhia data ya kompyuta, kuna namba mbili: 12 TB na 30 TB (terabaiti). Panga bajeti kwa ile ya kwanza. Ya pili inachukulia kwamba data itabanwa mara mbili na nusu, jambo ambalo ofisi nyingi hapa Dodoma hazitalipata, kwa sababu kinachojaza seva zao ni majalada yaliyoskaniwa. PDF za picha, JPEG na video zimeshabanwa tayari, hazibaniki tena.

Hatua ya 1: Pima data ilivyo

du -sb /data/*

Amri hii ya Linux inakupa ukubwa wa faili zenyewe kwa baiti. Bila b, du huhesabu nafasi iliyokaliwa kwenye diski, na hiyo si lazima ilingane na kitakachoandikwa kwenye tepu.

Hatua ya 2: Pima inabanika kiasi gani

Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayoamua kila kitu. Chagua folda moja kwa kila aina ya data:

tar cf - /data/majalada | gzip -1 | wc -c

Hapa tar inakusanya faili, gzip inazibana, na wc inahesabu baiti zilizobaki. Gawanya ukubwa wa mwanzo kwa namba inayotoka. Draivu, yaani mashine inayoandika kwenye tepu, hubana data yenyewe lakini haitumii gzip, kwa hiyo chukulia jibu kama makadirio. Usimwelekeze tar moja kwa moja kwenye /dev/null (mahali pa kutupia data): tar ya GNU ikigundua inaandika huko, haisomi kabisa yaliyomo kwenye faili, na utafurahia kasi isiyokuwepo. Tena, kama programu yako inasimba data kabla haijafika kwenye draivu, draivu haitabana chochote. Weka uwiano wa 1.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Tuseme ofisi ya viwanja ina TB 2.5 za hati zilizoskaniwa, TB 1 ya hifadhidata na TB 0.5 za nyaraka za kawaida. Baada ya kupima: hati zinabaki 2.5, hifadhidata inashuka hadi 0.35, nyaraka 0.35. Nakala kamili ni TB 3.2. Mabadiliko ya GB 40 kila siku, kwa siku tano, yanaongeza 0.2. Weka asilimia 20 ya ukuaji: takriban TB 4.1 kwa wiki.

Hatua ya 4: Hesabu tepu kwa mzunguko

Tuseme unatunza nakala za wiki nne kabla ya kuandika tena juu ya tepu ya kwanza. Hizo ni kama TB 16.3, na kikokotoo kitasema tepu mbili za LTO-8 zinatosha. Hazitoshi. Tepu ya kila wiki inapaswa kutoka kwenye jengo na kuhifadhiwa kwingine, kwa hiyo unahitaji nne, hata kama kila moja itabaki na nafasi kubwa. Kwa LTO-6, tepu ya kizazi cha nyuma yenye TB 2.5, ni mbili kila wiki, yaani nane.

Ongeza tepu moja ya kusafishia. Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi halina huruma kwa vichwa vya draivu. Itumie draivu inapoiomba, na tepu za data zisikae nje ya kasha zake.