Sudoku yenye chumba cha mapacha

Sudoku ninayoipenda kuliko zote ni ile yenye vyumba vilivyopewa jina la Schrödinger, yule mwanafizikia aliyewaza paka aliye hai na mfu kwa wakati mmoja. Tarakimu ni kumi, 0 hadi 9, na kila safu lazima iwe nazo zote, lakini vyumba ni tisa tu kila safu. Kwa hiyo kila safu ya kulala, kila ya kusimama na kila kisanduku cha tatu kwa tatu kina chumba kimoja kinachobeba tarakimu mbili. Mimi hukiita chumba cha mapacha. Thamani yake ni jumla ya hizo mbili.

Usianze kwa kubahatisha mapacha wako wapi. Anza na 45, jumla ya 1 hadi 9. Sifuri haiongezi kitu, hivyo kila kisanduku bado kinajumlika 45. Juzi nilikuwa na kisanduku ambacho makundi yenye jumla (vyumba vilivyozungushiwa mstari na kuandikiwa jumla yao) yalifunika vyumba vinane, jumla 31. Kilichobaki kilidai 14. Hakuna tarakimu ya 14, basi hapo ndipo mapacha walipo: 5 na 9, au 6 na 8. Mara moja nikaweka nukta ya penseli kwenye vyumba vingine vyote vya safu zake mbili na vya kisanduku chake: humo hakuna mapacha tena.

Angalia pia makundi madogo. Vyumba viwili vyenye jumla 3, ukishazoea, utaandika 1 na 2 bila kufikiri. Subiri! Vinaweza kuwa 0 na 3, au 0, 1 na 2 zote kwa pamoja, chumba kimoja kikiwa cha mapacha.

Tumia penseli, na ufutio mzuri.