Namba ya WhatsApp ya duka: anza na laini, programu baadaye

Mwongozo huu unamhusu mwenye duka ambaye oda zake nyingi hupitia WhatsApp Business. Nimeuandika baada ya kumsaidia mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo, ambaye alikuwa ameweka namba ya siri kila mahali panapowezekana, ilhali laini yenyewe ilisajiliwa kwa jina la kijana aliyekwisha kuacha kazi. WhatsApp humtambua mwenye akaunti kwa namba ya simu tu, na mbele ya kampuni ya simu mwenye namba ni yule aliyeweka kidole wakati wa usajili. Ndiyo maana hatuanzii kwenye mipangilio ya programu.

Hatua ya 1: Hakikisha laini ni yako

Piga *106# kwa laini ya duka na uhakiki usajili wake. Ikiwa imesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, nenda hatua ya 2.

Ikiwa jina ni la mtu mwingine, jipe muda. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Katika haraka zile wafanyabiashara wengi walimwambia yeyote aliyekuwa na namba ya NIDA mkononi aweke kidole, wakasahau. Mtu huyo anaweza leo kwenda dukani kwa mtandao husika, akasema simu imepotea, akapewa kadi mpya yenye namba yako. Laini iliyo mkononi mwako itazimika, na ujumbe wa WhatsApp wenye tarakimu sita za kusajili akaunti utaingia kwake.

Njia nyepesi ni kwenda naye pamoja kwenye duka la mtandao, kila mmoja akiwa na namba yake ya NIDA, mkaomba kubadilisha umiliki wa laini. Kabla ya kwenda, toa salio lote la pesa lililomo kwenye laini, kwa sababu akaunti ya pesa nayo imefunguliwa kwa jina lake. Ikiwa una Lipa Namba inayotuma taarifa za malipo kwenye laini hiyo, uliza mapema itakuwaje, wala usikubali jibu la «itajirekebisha yenyewe». Kama biashara ina TIN na leseni, uliza pia kuhusu kuisajili laini kwa jina la biashara. Binafsi napendelea njia hiyo pale wabia wanapokuwa wawili au zaidi.

Asipopatikana, au akigoma, usibembelezane naye kwa miezi. Sajili laini mpya kwa kidole chako, kisha, ukiwa bado unaishika akaunti, ingia Mipangilio, Akaunti, halafu uchague kubadilisha namba. Akaunti na makundi yatahamia namba mpya, nawe utaweza kuwaarifu watu ulio na namba zao. Kitakachokuchosha ni bango la duka, vifungashio, risiti na ukurasa wa Instagram, kwa kuwa vyote vina namba ya zamani. Anza na Instagram, kwani wateja wageni hutokea huko.

Hatua ya 2: Weka PIN kwenye laini

Hii ni PIN ya kadi yenyewe, si ya skrini, nayo imo kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Tafuta kwanza PUK, yaani namba ya kufungua kadi iliyojifunga, ambayo kwa kawaida huchapwa kwenye kile kiplastiki kilichobeba kadi. Ukikosea PIN mara 3, kadi itadai PUK. Ukikosea PUK mara 10, kadi imekufa.

Hatua ya 3: Uthibitishaji wa hatua mbili

Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka tarakimu sita ambazo si mwaka wa kuzaliwa wala mwisho wa namba yako, kisha ujaze barua pepe unayoifungua kweli. Watu huiruka sehemu ya barua pepe. Bila hiyo, ukisahau PIN utasubiri siku 7. Mimi huiandika PIN kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Hatua ya 4: Msaidizi atumie kifaa kilichounganishwa

Simu yenye laini ikae nawe. Msaidizi wa kaunta aunganishwe kupitia Vifaa vilivyounganishwa, ambavyo vinaweza kufika vinne, ili akiondoka umtoe kwa kubofya tu. Simu kuu isikae zaidi ya siku 14 bila kutumika, la sivyo vifaa hivyo vitatoka vyenyewe. Kagua orodha hiyo kila wiki, maana PIN ya hatua ya 3 haiulizwi mtu anapounganisha kifaa. Aliyeishika simu yako ikiwa wazi anaweza kuunganisha cha kwake. Na WhatsApp GB iondoe leo, hata kama mafundi wanaisifu: si programu rasmi, na akaunti inaweza kufungiwa.

Hatua ya 5: Wezi wakishaingia

Mara nyingi huanza na ujumbe kutoka kwa mteja unayemfahamu: «Samahani dada, kuna namba nimeituma kwako kwa bahati mbaya, naomba unirudishie.» Mteja huyo naye ameshaibiwa akaunti. Namba anayoiomba ni zile tarakimu sita za kusajili akaunti yako. Usiitume kwa yeyote, akiwemo anayejiita huduma kwa wateja.

Ukiwa umeshaituma, sajili akaunti upya papo hapo kwa namba yako. Ukiingiza tarakimu mpya zilizokuja kwa SMS, mwizi atatolewa. Akiwa ameweka PIN yake, utasubiri siku 7 ndipo uingie, lakini naye hatakuwemo. Wakati huo wapigie simu wateja wenye oda ambazo hazijalipwa, ukianza na wenye oda kubwa, uwaambie wasilipe kwa namba yoyote waliyotumiwa siku hiyo. Namba ambayo tapeli aliwapa wateja waitumie pesa iripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.